Programu ya Shemeji

Mtaani walimwita Mama Ramani, ingawa ramani zenyewe hakuwa akizichora yeye. Alizipokea kwa mafundi na kuzigeuza picha, ili mwenye nyumba aione imesimama na rangi zake kabla msingi haujachimbwa. Picha moja iliichukua kompyuta dakika arobaini. Mteja akibadili mawazo kuhusu paa, arobaini nyingine.

Asubuhi moja alikuja mdogo wa mumewe, mwenye studio ya video mtaa wa pili, na flashi mkononi.

"Shemeji, unajitesa bure. Kadi ya picha ya kompyuta yako ina nguvu, ila kiwandani wameifunga breki. Programu hii inaifungua. Mimi naitumia mwezi wa pili sasa."

"Umeitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Mtandaoni wapi?"

Shemeji akacheka, akachomeka flashi. Maandishi ya kwanza kwenye kioo yalisema: zima kinga ya virusi ndipo uendelee. Mama Ramani akamshika mkono.

"Mgeni akiniambia nifunge mbwa kabla hajaingia, namuuliza amefuata nini."

"Basi baki na arobaini zako," akasema shemeji, akachomoa flashi yake na kuondoka amenuna.

Mama Ramani aliosha vyombo huku akiwaza. Mbona shemeji alimhimiza hivyo? Na wiki iliyopita si ndiye aliyekuwa akimuulizia wateja wake, kana kwamba anawataka?

Siku tatu alitafuta programu mwenyewe. Moja ilikuwa na ukurasa wa kupendeza, lakini jina la aliyeitengeneza halikuonekana popote. Nyingine iliahidi kumaliza yote kwa kitufe kimoja, naye hakupenda kitufe kisichojieleza. Mwishowe alichukua mbili: ya kampuni iliyotengeneza kadi yake, na nyingine ndogo isiyoongeza chochote, kazi yake kuonyesha tu joto la kadi na asilimia ya nguvu yake inayotumika. Siku nzima alisoma namba bila kugusa kitu. Kisha, kwa ile ya kampuni, akapandisha kasi kidogo kidogo, kila hatua akiijaribu kwa picha ileile. Zilipofika dakika thelathini na nne, akapanda tena, na madoa meusi yakatokea kwenye madirisha ya nyumba pichani. Akarudi hatua moja, akaishia hapo.

Kesho yake, akitaka kujua ile programu ya flashi inafanya nini hasa, alikwenda studio kuipima kadi ya shemeji. Walifunga kila kitu, wakaiweka ile programu ndogo. Kadi ilipaswa kuwa imepumzika. Ilisoma asilimia tisini na nane.

"Umefungua nini?"

"Sijafungua kitu, shemeji."

Walipoizima programu ya flashi, namba ilishuka hadi tatu na feni ikanyamaza. Baada ya dakika moja programu ikajiwasha yenyewe, feni ikaanza kuvuma tena.

"Kuna mtu huko mtandaoni anaitumia kadi yako kwa shughuli zake, kupitia programu hii," alisema Mama Ramani.

Shemeji akakaa kwenye kiti. "Miezi miwili. Na mimi nilidhani ni joto la chumba, nikanunua feni ya ukutani."

Mama Ramani aliona haya kwa yale aliyomwazia pale kwenye vyombo. Walihamisha video za wateja, wakafuta kompyuta yote na kuweka kila kitu upya, kisha shemeji akabadilisha nywila zake, moja baada ya nyingine. Alipoomba zile programu mbili, Mama Ramani hakumpa faili. Alimwandikia majina kwenye karatasi, akazipakue mwenyewe kutoka kwa waliozitengeneza.