Ramani ya Nchi ya Moshi

Mwaka niliotoka chuoni Kampala nilirudi Nakuru, nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mizigo stesheni, na nikaanza kuandika riwaya juu ya nchi ambayo haipo. Kuhusu riwaya nilikaa kimya muda mrefu, hasa mbele ya baba, aliyekuwa akifunga mabehewa katika stesheni hiyohiyo tangu kabla sijazaliwa. Alipogundua, aliwaambia majirani kwamba mtoto amesomeshwa hadi Kampala ili arudi kuandika habari za mashetani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha.

Tuliishi landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba ni mtu wa Maragoli na mama ni mtu wa Kano, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, na ndicho nilichoandikia. Ukisimama mlangoni pa jikoni uliona mlima wa Menengai, na asubuhi za baridi uliona mvuke ukipanda kutoka ndani ya lile shimo kubwa la juu. Kila aliyekulia Nakuru ameambiwa kwamba huko chini kuna watu wasioonekana wanaolima. Nami niliambiwa nikiwa mdogo, nikaamini. Baadaye nilisoma kitabuni sababu ya mvuke ule, na nikaendelea kuamini kidogo. Riwaya ilitoka hapo: msichana anashuka Menengai kumtafuta dada yake, anakuta nchi ya watu wanaolima moshi.

Jumapili baada ya kanisa, mama akichambua maharagwe, nilimsomea nilichoandika wiki ile. Mama hajui kusoma. Husikiliza kama asiyesikiliza, kisha huuliza swali moja linaloangusha sura nzima.

"Hao watu wanapika na nini," aliniuliza siku moja, "kama moto wao ni baridi?"

Nilihangaika wiki nzima na mawe, jua, hata umeme. Jumapili iliyofuata akaniambia wanapikia hasira zetu. Sisi huku juu tukigombana, sufuria zao huko chini zinachemka. Niliandika hivyo, na nikajifanya kwamba nilikuwa karibu kufika hapo mwenyewe.

Nilikuwa nimeiandikia ofisi moja ya vitabu Nairobi kuieleza hadithi yangu, nao wakajibu kwamba wangependa kuuona mswada mzima. Barua yao ilikaa mfukoni mwa koti langu, nikiipapasa kila saa kama mtu mwenye jino bovu. Nilikuwa nimebakiza sura mbili.

Hali ya hatari ilikuwa tayari imetangazwa. Askari walisaka nyumba mtaa kwa mtaa, wakitafuta watu wa msituni waliopigana na serikali ya Wazungu, na karatasi zao. Nami, mbele kabisa ya daftari la kwanza, nilikuwa nimechora ramani. Menengai yote ilikuwa pale kwa penseli: njia za kushukia, mapango saba, chemchemi, na maneno kama "mlango wa siri" na "ghala la mikuki". Nilikuwa nimeishi na ramani ile miezi mingi bila kuona kitu. Kisha karani mwenzangu akanieleza kwamba jirani yake amechukuliwa kwa sababu ya orodha ya wageni wa harusi, na hapohapo nikaiona ramani yangu kwa macho ya inspekta.

Jioni ile nilimwambia mama kwamba akisikia msako, achome ramani. Asubuhi nikafikiri kwamba sura ya tatu inaeleza njia zilezile kwa maneno, nikamwambia achome na hiyo. Kesho yake nikakumbuka sura ya sita, ambamo watu wa moshi wanakula kiapo. Nikafunga uzi mwekundu kwenye kurasa za kuchomwa. Kisha nikaona kwamba uzi mwekundu wenyewe utatia shaka, nikaufungua.

"Baba, sema mara moja," mama akaniambia. "Nichome nini, nibakishe nini?"

Nilikuwa nachelewa kazini. Nikasema, "Choma yote."

Msako ulikuja Alhamisi, saa tano mchana. Niliporudi jioni, mama alikuwa anasugua sufuria na madaftari manne hayakuwapo. Alinieleza kwamba askari waliangalia chini ya kitanda, wakauliza kipande cha baba, yaani kitambulisho chake cha kazi. Mmoja aliona majivu ya karatasi jikoni, akauliza. Mama akamwambia kuni zilikuwa mbichi. Askari akafunua sufuria, akaona maharagwe, akaenda zake.

"Ulisema yote," mama akasema. Hakuwa anajitetea. Alitaka kujua kama amekosea.

Nilimwambia hakukosea, na ilikuwa kweli. Lakini wiki tatu sikuandika neno. Nilijaribu mara mbili, na nilichokumbuka ni sentensi nilizojivunia tu; kati yake hapakuwa na kitu. Nilijiuliza kama mtu anayeshindwa na hofu ya siku chache anafaa kuitwa mwandishi, kisha nikajiuliza kama kujiuliza huko si njia ya kukwepa kuanza upya.

Jumapili ya nne mama alimwaga maharagwe kwenye ungo, akaniambia nilete karatasi. Nikamwuliza za nini.

"Yule msichana amesimama darajani tangu mwezi uliopita," akasema. "Umemwacha na baridi yote ile."

Akaanza mwanzo kabisa, nami nikaandika nyuma ya fomu za mizigo zilizoharibika. Alikuwa na hadithi karibu yote kichwani, lakini kwa Kiswahili cha bombani. Msichana wangu, aliyekuwa akizungumza kama mwalimu, sasa alimjibu mfalme wa watu wa moshi kama mwanamke anayegombea zamu ya maji. Nilibisha. Mama akasema kwamba nilivyoandika mimi, angekuwa ameshaliwa.

"Mmeruka mzee wa mlangoni," baba akasema kutoka kitandani. Tulidhani amelala.

Kitu kimoja hakikurudi: hotuba ya mfalme, kurasa kumi na moja, ambayo niliiona kuwa kilele cha kitabu. Sijui kama mama aliisahau au aliiacha. Sijamwuliza.

Ilituchukua Jumapili nyingi, mpaka mvua za masika zikaisha. Niliutuma mswada Nairobi, na mwezi huu wamejibu kwamba watauchapa. Wameomba jambo moja. Wanasema msomaji anaweza kupotea kule chini, kwa hiyo wangependa mbele ya kitabu pawe na ramani.

Hali ya hatari haijaondolewa. Nimechora ukingo wa shimo, daraja, na mashamba ya moshi. Mama ameiangalia, akaniambia niongeze bomba, maana watu wote hao wanateka maji wapi. Nimeongeza. Jana nilichora pango moja dogo, nikalifuta, na leo asubuhi nimelirudisha.