Maji ya Chumvi ya Kasmiri

Kasmiri alikuwa mtu wa pamba. Miaka kumi na tisa alipima marobota katika ghala la ushirika, mpaka soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakajaa Bariadi na magari yao, ushirika ukafa kifo cha mende. Akahamia machinjioni kupasua vichwa vya ng'ombe. Mkewe Milembe alishafariki. Watoto wako Mwanza, wana shughuli zao, kama wasemavyo watoto. Wateja walichukua nyama wakaenda zao, naye alirudi kwenye nyumba isiyo na wa kumuuliza ameshindaje. Upweke ulimtafuna, tusifichane.

Ndipo akaja Daktari Specioza, mtafiti, na mashine yake ya ultrasaundi. Alitaka ubongo mbichi kila Jumamosi. Mashine iliutikisa kidogo, kisha ikatazama mtikisiko unavyokimbia ndani: penye ugumu hukimbia haraka, penye ulaini hujikokota. Ubongo wa kwanza ulimbomokea daktari mikononi. Akafunga mizigo akaondoka kabla hata jua halijakolea.

Jumamosi iliyofuata Kasmiri alimfanyia kama anavyowafanyia wateja wake wa heshima. Aliuloweka ubongo kwenye maji ya chumvi na ndimu, ukakaza vizuri. Mbichi si ule usiopita motoni? Hakuona haja ya kumwambia daktari.

Tangu hapo daktari alikaa hadi mchana.

"Mwangaluka, baba," daktari alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu kigoda."

Walikunywa chai. Daktari alimwachia Kasmiri ashike kile kifaa cha kupimia. Siku moja akamuuliza Milembe alikuwa mtu wa namna gani, na mzee akazungumza mpaka chai ikapoa. Miezi minane ikapita hivyo, na Kasmiri akaanza kunyoa ndevu kila Ijumaa.

Kisha daktari akaja amechangamka.

"Baba, ng'ombe wa huku wana ubongo mgumu ajabu! Leo namaliza. Vipimo hivi vitakuwa mwanzo wa kuwapima watoto wachanga waliovimba vichwa, kupitia utosini, mfupa ukiwa bado haujafunga."

Kasmiri aliacha shoka. Angenyamaza, wangeagana vizuri, pengine hata Krismasi angemtembelea. Nani angejua? Lakini akilini alimwona mama fulani asiyemjua, na mtoto mapajani, akiambiwa jambo lisilo kweli.

"Mayu," alisema, "ugumu ule si wa ng'ombe. Ni chumvi yangu."

Akamweleza yote. Daktari alifunua daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa.

"Miezi minane, baba! Kwa nini?"

"Ule wa kwanza ulibomoka, nawe ukaondoka mapema."

Specioza alifunga daftari. Hakumfokea, na hilo lilimuuma Kasmiri zaidi. Alifunga mashine, akasema ataona kama wakubwa wake watamruhusu kuanza upya, akawasha gari.

Jumamosi iliyofuata Kasmiri alipasua kichwa taratibu kuliko siku zote, akautoa ubongo mzima, bila chumvi wala ndimu, akaufunika kwa kitambaa safi. Asubuhi ikapita. Jua likafika utosini, nzi wakaanza kuzunguka. Justina, mama ntilie wa jirani, akaja na bakuli lake.

"Mzee, nipe huo ubongo kabla haujaharibika."

"Una mwenyewe," alisema Kasmiri, na akaendelea kupunga nzi.