Pembeni ni Wapi?

Tecla Chepkurui hakusamehe, nami nitamwandika hivyo hivyo. Siku hizi wako watu wa kwetu wanaomsimulia kana kwamba alikuwa mama mpole aliyeomba njia akapewa. Hakuomba. Alidai, akanyimwa, akalipiza kisasi, na njia ile ya miguu ambayo watoto wao wanaitumia kwenda shule ilitokana na kisasi hicho. Anayetaka hadithi ya upole aitafute kwingine.

Aliishi bondeni, chini ya mji mdogo wa Kapsoit, katika shamba dogo lenye ng'ombe wachache na kipande cha mahindi. Mume wake alifariki mapema. Kila asubuhi maziwa yake yalipanda hadi kwenye hoteli za Kapsoit, kwanza mgongoni mwake mwenyewe, kisha, mwanawe Kiplimo alipomaliza shule, kwa baiskeli nyeusi yenye keria pana. Mitungi ilifungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Tecla aliipenda baiskeli ile. Aliiita ng'ombe asiyekula nyasi, na Jumamosi aliipaka mafuta ya kupikia kwenye mnyororo huku Kiplimo akimlalamikia kwamba inanuka chapati.

Barabara ya kutoka bondeni ni ya lami nyembamba, na wakati huo ilipita katikati ya chai ya Bwana Kipkosgei kama mfereji. Chai ilipandwa mpaka pale lami inapoishia. Hapakuwa na mtaro, hapakuwa na nyasi, hapakuwa na mahali hata pa mbuzi kusimama. Ukuta wa kijani upande huu, ukuta wa kijani upande ule, matawi yameshikana hata mkono haupenyi. Wageni walisimamisha magari yao wakapiga picha, wakasema ni pazuri. Pazuri kwa aliye ndani ya gari.

Kiplimo alikufa hapo mwaka wa 1995, asubuhi ya ukungu. Yeye alikuwa akipanda na maziwa, lori la Kipkosgei lilikuwa likiteremka kwa kasi. Lilimbana kwenye chai. Maziwa yalitiririka kwenye lami mpaka konani, na waliokuja waliyaona maziwa kabla ya kumwona yeye.

Kesho yake wachumaji walipita kwenye mstari ule ule, wakachuma kichaka kile kile alichokufa akiwa amekiegemea. Majani yakaenda kiwandani pamoja na mengine. Kuna mtu mahali fulani aliyeyanywa.

Tecla alipokwenda kituoni kuuliza kesi imefika wapi, askari alimwambia hakuna kesi. Kijana hakuwa pembeni. Mwenye baiskeli anatakiwa kukaa pembeni mwa barabara.

"Pembeni ni wapi?" Tecla akamwuliza.

Askari alidhani mama huyu hajui Kiswahili vizuri. Akarudia kwa sauti ya juu: "Pem-be-ni!"

Neno hilo lilimwingia Tecla likakaa. Alikuwa amelisikia maisha yake yote. Kila dereva aliyewahi kumpita na kikapu au mtungi alitoa kichwa dirishani na kumpigia kelele atembee pembeni, naye kila mara alijibanza, akachomwa na matawi, akaona aibu kana kwamba kosa ni lake. Sasa neno lilikuwa limemwua mtoto wake mara ya pili, mbele ya meza ya serikali.

Baada ya mazishi Bwana Kipkosgei alikuja na wazee wa kanisa na mtamba mmoja mwekundu, mzuri, aliyekaribia kuzaa. Mimi nilikuwepo, kwa kuwa mama yangu ni jirani yake na tulikuwa tukisaidia kupokea wageni. Kipkosgei alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kitambaa kizito na sauti ya kuongoza harambee.

"Mama Kiplimo," akasema, "hii ni kazi ya Mungu. Nimekuletea ng'ombe ili tumalize maneno."

"Sitaki ng'ombe. Nataka mstari mmoja wa chai."

"Mstari? Unataka kuchuma?"

"Nataka uung'oe. Ule wa kando ya lami, kutoka darajani mpaka juu. Watu wapate pembeni."

Kipkosgei aliwatazama wazee, akacheka kidogo. "Mama, chai haing'olewi ovyo, ni lazima kibali. Halafu nikianza kumpa kila mtu njia, nitachuma nini? Lami?"

Mzee mmoja naye akacheka. Tecla alisimama, akafungua kamba ya mtamba, akamwongoza mwenyewe hadi nyumbani kwa Kipkosgei, akamfunga kwenye lango lake. Wazee walibaki nasi pale kwa Tecla wakimaliza chai yao, wasijue waondoke au wakae.

Akampelekea baiskeli Eliakim, fundi wa Kapsoit, Mluo mrefu mwenye maneno mengi ambaye hakuwahi kutengeneza kitu bila kukitukana kwanza. Eliakim aliiangalia rimu iliyopinda.

"Mama, hii si baiskeli. Hii ni miwani."

"Itengeneze iweze kusukumwa. Sitaki iweze kukimbia."

Eliakim akachukua nyundo bila tusi jingine. Aliinyoosha bila kudai kitu.

Ukielewa chai utaelewa alichofanya Tecla. Jani likishachumwa halina subira. Likifungwa kwenye gunia linapata joto, linaanza kuwa jekundu, na kiwanda hulikataa. Ndiyo maana lori la Kipkosgei lilikimbia, likishuka kuyachukua na likipanda kuyapeleka kiwandani. Lilimkimbilia Kiplimo kwa ajili ya majani. Basi Tecla akaamua kuyapiga majani.

Siku ya kwanza alingoja darajani, saa ambayo lori hupanda na magunia ya mchana. Lilipofika aliingia katikati ya lami, akaanza kusukuma baiskeli kupanda mlima, na mitungi mitupu ikigongana nyuma. Polepole, kama mgonjwa.

Dereva aliitwa Phelix. Alikuwa mgeni kwenye kazi. Yule wa kwanza alihamishwa kimyakimya. Akapiga honi mpaka mikono ikamchoka, kisha akatoa kichwa.

"Mama! Tembea pembeni!"

Tecla akasimama, akageuka. "Nionyeshe."

"Nini?"

"Pembeni. Shuka unionyeshe, nitaenda huko sasa hivi."

Phelix alitazama kushoto. Chai. Akatazama kulia. Chai. Alirudisha kichwa ndani, akaacha honi, akamfuata kwa gia ya kwanza mpaka juu. Nadhani alikuwa mtu mwema. Hilo halikumpunguzia Kipkosgei hasara.

Siku iliyofuata Ayoo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa na Tecla. Dadake Ayoo aliwahi kuvunjwa mguu konani pale. Kisha akaja Eliakim na wateja wake wote wenye baiskeli, wakisukuma. Kisha wasichana wa shule. Nami nikaja, na wenzangu wawili tuliokuwa tumetoka chuoni bila kazi. Magari mengine tuliyaachia njia, tukijibanza kwenye matawi kama tulivyozoea. Ni lori lile tu tulilotembea mbele yake. Ayoo alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, ule wa taratibu kuliko yote, na kila ubeti aliurudia.

Majani yalifika kiwandani yana rangi ya kutu. Yalirudishwa. Kesho yake tena. Yalimwagwa kando ya nyumba ya Kipkosgei, na harufu yake tulikuwa tukiisikia tukipita. Sitasema nilihuzunika. Nilivuta pumzi nyingi.

Ndipo Chifu akaja na askari wake. Miaka ile watu watano wakisimama pamoja walikuwa tayari ni hatari kwa usalama.

"Huu ni mkutano bila kibali!" akasema. "Tawanyikeni!"

"Mkutano watu wanakaa, Chifu," Tecla akamjibu bila kusimama. "Sisi tunakwenda Kapsoit."

"Wote?"

"Kwani Kapsoit ni ya nani?" Eliakim akadakia. "Mimi nina duka huko. Nikose kwenda dukani kwangu?"

Chifu alikuwa akitembea kinyumenyume mbele yetu, fimbo mkononi, akitafuta neno. Kwa bahati mbaya yake alilipata.

"Basi kama mnaenda Kapsoit, tembeeni pembeni!"

Kicheko kilichotoka hapo kilifika bondeni. Hata askari wake mmoja alifunika mdomo. "Tuonyeshe, Chifu! Tuonyeshe!" wasichana wakapaza sauti, na Chifu, aliyekuwa bado anaenda kinyumenyume, akakalia chai. Hakurudi tena.

Hatimaye Kipkosgei akaja mwenyewe. Aliacha pikapu yake nyuma ya lori, akaja mbele kwa miguu, uso umewiva kwa hasira.

"Tecla, unaniua!"

"Bado uko hai. Nakuona."

"Nitakushtaki. Nitakufunga. Magunia hayo yakikataliwa leo—"

Hakumaliza. Kutoka juu, konani, lilitokea lori la mawe ya kujengea, likiteremka. Sisi sote tulirukia chai kwa wakati mmoja, mgongo kwanza, kwa sababu miili yetu ilikuwa imefundishwa tangu utotoni. Kipkosgei hakufundishwa. Hakuwa ametembea hapo kwa miguu tangu anunue gari. Alikimbia kushoto, akakuta chai. Akakimbia kulia, akakuta chai yake. Akajaribu kuipanda kama ukuta, mguu ukanasa, akaning'inia. Lori lilimpita karibu sana hata kofia ikaondoka, na dereva akatoa kichwa akampigia kelele:

"Mzee! Huwezi kutembea pembeni?"

Hakuna aliyecheka. Kipkosgei alishuka, suruali imechanika. Tecla aliokota kofia yake, akaikung'uta, akampa.

"Sasa umeona alichoona," akamwambia.

Akashika baiskeli akaendelea kusukuma. Lori likamfuata polepole, na majani ya siku hiyo pia yaliharibika.

Kibali kilichokuwa kigumu kilipatikana wiki hiyo hiyo. Wafanyakazi wa Kipkosgei waling'oa mstari wa kando ya lami, kutoka darajani mpaka juu, wakasawazisha udongo. Waliacha kichaka kimoja, kile alichokufa Kiplimo akiwa amekiegemea. Tecla alikuwa amesimama mbele yake na kukataza jembe lolote.

"Hiki atakuja kuking'oa yeye mwenyewe," alisema.

Kipkosgei akaja. Alipiga jembe mbele ya watu wote waliokuwa wakienda sokoni, akitokwa jasho, na hakuna aliyempokea jembe hilo, kwa sababu Tecla alikuwa akitutazama. Kisiki kilipotoka alikibeba begani mpaka bondeni, akakiweka ukutani kwa Tecla, akaondoka. Kilikauka hapo miezi mingi.

Kumbukumbu ya mwaka ya Kiplimo ilipofika, Kipkosgei alikuja pamoja na wazee wale wale. Alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Nafikiri aliamini yameisha. Tecla alikipasua kisiki kwa shoka, akakitia motoni, akainjika sufuria kubwa ya chai ya maziwa. Akatumiminia mmoja mmoja: wazee, Ayoo, Eliakim, mama yangu, mimi. Kwetu hata mdai wako akija nyumbani hupewa kikombe. Alifika kwa Kipkosgei akiwa na birika mkononi, akasimama, akampita.

Mzee mmoja akamwita kwa sauti ndogo, "Mama Kiplimo."

"Nimemwona," akasema Tecla.

Kipkosgei alikaa tukimaliza vikombe vyetu, mikono mitupu. Kisha akaaga. Tecla alimsindikiza mpaka mlangoni, maana adabu alikuwa nayo.

"Giza linaingia, Bwana Kipkosgei," akamwambia. "Pita pembeni."