Nta Juu ya Injini ya Moto

Mwanangu, kila nisikiapo injini ya dizeli ikiwashwa asubuhi, nakumbuka siku moja ya ujana wangu, miaka ya tisini, kwenye pampu ya maji ya kambi ya wakimbizi karibu na Kasulu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Nyakitonto na stashahada ya elektroniki kutoka Dar es Salaam. Nilijisomesha mwenyewe kwa kufyatua matofali, sikubebwa na mtu. Kutoka Kibondo hadi Manyovu hapakuwa na kijana mwingine aliyeweza kuunda kifaa cha kupima mtikisiko wa injini. Kama alikuwepo, mimi sikumsikia. Changu nilikiunda kwa mikono hii: chipu ya kuhesabu, na kihisi kidogo kama harage, kinachobandikwa kwenye chuma ili kupima chuma kinavyotetema. Kihisi kilikuwa kimoja tu. Kingine kingetoka ng'ambo.

Injini ya pampu ilikuwa ikitikisika vibaya. Ikivunjika, kambi nzima ingeshuka bondeni kuchota maji ya matope. Nikaahidi kusema ugonjwa uko wapi.

Nikakibandika kihisi kwa nta ya nyuki, kama tunavyoziba ufa wa kibuyu kwetu. Injini ikawashwa, namba kwenye kifaa zikapanda vizuri. Baada ya muda zikaanza kushuka, zikashuka, mpaka zikakaribia sifuri.

Elia, Mrundi mcheshi aliyeendesha injini ile, alicheka akishika mbavu.

"Eeh, fundi! Sufuria yangu ya chai inacheza ngoma hapa, mashine yako inasema injini imelala?"

"Wewe subiri."

"Nasubiri. Lakini njoo ule kwanza, maharage yapo."

"Sina njaa."

Nilikuwa na njaa, mwanangu. Ila niliona nikila naye chungu kimoja, stashahada itashuka hadhi. Akala peke yake nje, nami nikabaki na injini.

Niliizima ikapoa. Nikagonga chuma, namba zikaruka. Nikawasha, baada ya muda zikafa tena. Nikalehemu waya upya, nikaweka betri mpya, mambo yakawa yale yale. Nikaamini kihisi kimeungua ndani. Nilitamani mtu mmoja tu wa kumuuliza, lakini walimu wangu walikuwa mbali, Dar es Salaam, mwisho wa reli, na pale hapakuwa na aliyejua hata jina la nilichoshika.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilipoinama karibu na injini nikasikia harufu ya nta inayoyeyuka. Nikamwona akilini baba yangu, aliyefariki nikiwa chuoni nisiwahi maziko, akichuja asali jikoni na kunionya: "Nta usiiamini karibu na moto." Nikakigusa kihisi kwa ncha ya kidole. Kikateleza. Kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kimeachana na chuma tu, kinaelea kwenye nta laini, hakihisi kitu.

Nikakibana kwa kipande cha bati na bolti. Namba zikasimama juu hadi jioni, na nilipokihamisha huku na huku, zikawa kubwa zaidi upande wa beringi ya mbele. Elia akaifungua, tukaikuta imelika. Ikabadilishwa, maji hayakukatika.

Nikarudi Nyakitonto nimevimba kwa fahari. Nikamweleza mama yote: chipu, kihisi, beringi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Umekula?" Nikatazama moto. Baba ndiye angeuliza ile nta ilitoka mzinga gani.

Basi, mwanangu, kifaa kikinyamaza usikimbilie kusema kimekufa. Tazama kwanza kilivyoshikamana na unachokipima, tena kikiwa kwenye joto la kazi, si mezani kikiwa baridi. Na elimu yako, kama hii yangu ninayoisifu hadi leo, isiposhikamana na watu itaelea vivyo hivyo. Ukikaribishwa maharage, kaa ule.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na jioni ukirudi, akukutanishe na mtu wa kumsimulia.