Miche ya Mapontso Wiki ya Msiba

Mapontso hajui kutulia. Hata kanisani goti lake linacheza. Kila Agosti, sisi wengine tukiwa bado tumejifunika mablanketi, yeye alikuwa shambani na jembe, na ng'ambo ya senyenge jirani yake, Mzee Molise, akimfokea: "Wewe mwanamke, bado! Ngoja mpichi wangu upukutishe maua, ndipo baridi imekwisha!"

"Mpichi wako mvivu kama wewe!"

Miaka miwili mfululizo alipanda mapema, na miaka yote miwili sakitu, ule umande wa kuganda, ikaziunguza nyanya zake zote. Mwaka huu mbegu alizobaki nazo zilikuwa za mwisho, akaapa kungoja. Aliotesha miche mia mbili kwenye makopo, akayapanga ukutani, na asubuhi na jioni akawa anauchungulia ule mpichi.

Jumapili moja ya Septemba maua yakapukutika. Jumapili hiyohiyo Mzee Molise akafa.

Kwetu huku milimani Lesotho, maiti ikiwa bado haijazikwa, hakuna anayelima. Mazishi yakapangwa Jumamosi.

"Hodari wa kutuambia tungoje," Mapontso alininong'oneza tukimenya viazi msibani. "Yeye kuningoja siku mbili tu nipande kumemshinda?"

"Nyamaza, mjane atakusikia!" Nilikasirika kweli, ila kicheko nacho kilinibana.

Kufika Jumatano miche ilikuwa imerefuka na kupauka, mizizi imejaa makopo. Alitoroka jikoni kwenda kuimwagilia, akarudi, akakaa, akainuka tena. Alhamisi alfajiri nikamkuta mlangoni kwake na jembe mkononi.

"Nani ataniona?"

"Mimi nimeshakuona, dada."

Akalirudisha ndani, amenuna.

Jumamosi tulimzika mzee. Tulipita mmoja mmoja kutupia udongo, na kwa Mapontso huo ndio ulikuwa udongo wa kwanza kuushika tangu miche iwe tayari. Tulinawa mikono langoni kwa marehemu, naye akakimbilia kwake bila kuonja chakula, na nguo zake za msiba mwilini. Nilimfuata. Miche iliyokuwa hai haikufika sitini.

Alichimba shimo la kwanza karibu na senyenge, akauchukua mche, kisha akabaki amepiga magoti, anautazama mpichi.

"Panda basi," nikamwambia. "Si ulikuwa na haraka?"

"Nasubiri anifokee," alisema, na hapo ndipo alipolia.