Kona ya Babu Isiyoota Majani

Usiku ule wa kuamkia siku ya kuchimba kisima nililala na furaha. Wiki haitaisha kabla mimi, wanangu na wapangaji wetu hatujaacha kununua maji ya madumu. Mahali nilishapachagua: kona ya uani kwetu Magomeni, peupe kabisa, hata mti wa kukata hakuna. Niliona ni bahati.

Nikamwota babu mzaa mama, mpiga picha, aliyefariki nikiwa darasa la nne. Alikuwa katika bustani yake ya zamani, uani pale pale. Mawaridi yamechanua, asumini inanukia, na ng'ambo ya michongoma nyumba mpya za bati zinachomoza kila upande; jiji ndiyo kwanza linapanuka. Wateja wake wamepanga foleni wapigwe picha mbele ya maua. Wamependeza, ila midomo imewakauka mpaka imepasuka.

"Wape maji wageni," babu ananiambia.

Naenda konani. Kisima changu kiko tayari. Nachota, maji maangavu, najaza kikombe, nampelekea mtoto aliye mbele. Mtoto anainua uso: ni Zuhura, binti yangu wa miaka sita.

Mara tumo katika chumba cha giza alimosafishia picha. Taa nyekundu, harufu ya dawa inachoma pua. Babu anabeba karai la dawa zilizotumika, anatoka, anamwaga konani, anarudi kuchukua jingine. Tena. Tena. Nataka kupiga kelele, sauti haitoki. Zuhura ameshakifikisha kikombe mdomoni.

Babu anakipiga kofi, kinaruka.

"Nilimwaga mbali na maua yangu," anasema huku analia. "Ninyi sikuwafikiria."

Nikaamka fulana imelowa chapachapa. Kumekucha, na lori la wachimbaji linaingia kinyumenyume getini. Mama yuko barazani na chai yake.

"Mama, ile kona babu alikuwa anafanyia nini?"

"Si ndipo alipomwaga dawa zake za picha? Kuku wangu watatu walikunywa pale, wakafa siku hiyo hiyo."

Nikapandwa na hasira. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia unachimba kisima. Wapi, hukuniuliza."

Nikatoka mbio, pekupeku, nikasimama nyuma ya lori mikono juu.