Meza Yangu ya Maziwa na Mashini Mbili

Ule mwaka tulikulaka fromaji, jibini yetu ya maziwa ya ngombe, mpaka mbwa ikaikataa. Barabara ya kushuka Goma ilikuwa imefungwa, wachuuzi hawakupanda tena kwetu Karuba, na fromaji haina uvumilivu. Tulikula na viazi, tulikula na bugali, tulikula bila kitu. Mpaka leo mama akisema mutoto wake alizaliwa wakati wa fromaji, unajua mara moja ni mwaka gani.

Njo mwaka mujukuu wangu alirudia nyumbani, laptop yake mugongoni ndani ya kitenge kama mutoto. Alikuwa amemaliza masomo ya informatiki kule Goma. Miye nilisoma miaka mbili tu, sina haya ya kuisema. Lakini huyu binti niliyemukomalisha na maziwa ya ngombe yangu anaandikia mashini maneno, na mashini inatii. Marehemu mume wangu hakunitii hivyo hata siku moja.

Alikuwa anatengeneza programu ya kukumbusha wachungaji siku ya chanjo ya ngombe: ikikaribia, telefone ya muchungaji inalia. Shida ilikuwa ile laptop. Inapata moto sawa sufuria, kisha inanyamaza, na yeye anaingoja, shingo imekunjwa kama muntu mwenye kupalia maharagi. Siku moja akaniambia, miye bibi yake:

"Tate, nahitaji ingine, kubwa, ya mezani. Franga ya kuinunua iko, ni ya kazi yangu. Nikikosa pa kuiweka, barabara ikifunguka nitarudi kupanga chumba Goma."

Nyumba bila huyu mutoto ni nyumba ya kuku.

Meza ilikuwa moja tu, ile ya chumba cha maziwa, penye pano ya jua inaleta umeme. Meza yangu. Kwanza nikamuuliza kitu chenye kila muntu wa huku angeuliza:

"Hiyo kubwa, siku tukikimbia vita, nani ataibeba?"

"Hakuna. Itabaki. Kazi yote itakuwa ndani ya laptop pia, na laptop nitabeba miye. Wewe utanibebea viatu."

"Wewe njo utanibeba miye, na viatu vyangu!"

Baba yake mudogo, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa mulangoni anaosha bidon ya kubebea maziwa. Akaingilia:

"Mama, usidanganyike. Muntu moja, kichwa moja, mashini mbili za nini? Miye niko na watoto sita na telefone moja."

"Njo maana hakuna mwenye kukupata kwa telefone!" nikamujibu.

Lakini neno lake lilinisumbua. Nikatazama pembeni, penye kinakaa kile kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa. Tangu niliolewa hakijatoka ndani ya nyumba. Bidon njo inapanda na kushuka mulima kila asubuhi. Hakuna muntu aliniulizaka vyombo viwili vya nini. Nikaondoa ndoo zangu kwa meza, nikapangusa.

Barabara ilipofunguka, mashini ikapanda juu ya pikipiki, imefungwa na blanketi kama mugonjwa. Mutoto akanyoosha shingo. Alikuwa anafanya kazi kwa ile kubwa, kisha anapanda na laptop mpaka juu kwenye malisho, sababu huku bondeni rezo ya telefone haishuki, anatuma kazi yake ngombe zikimuangalia.

Miye niliona lile sanduku la mashini kubwa linatoa joto nzuri kwa mugongo wake, nikaweka sufuria ya maziwa pale ipate kuganda. Alipiga kelele kama ameona nyoka.

"Tate! Maziwa na umeme!"

"Unapiga kelele ya nini? Angalia kwanza vile imeganda."

Chanjo ilipokaribia, telefone zikalia kutoka Karuba mpaka Bihambwe, hata ya huyo baba mudogo mwenye mashini mbili za nini. Siku ile nilitembea sokoni kifua mbele. Wanawake walinisalimia, na wenye hawakunisalimia niliwasalimia miye, wapate kuuliza.

Jioni baba mudogo akakuja na kilo ya sukari. Sukari ya bure iko na maneno ndani yake.

"Mama, sasa mutoto iko na kubwa. Ile ndogo munipatie, watoto wangu waangalie filme."

Mujukuu wangu akaangalia chini. Bila laptop, kazi yake inakufia bondeni. Lakini kwetu mutoto hakatalii baba yake mudogo. Miye naweza, nilimuzaa.

"Laptop haitatoka kwa mikono yake," nikasema. "Kunywa chai, uende kwako."

"Hata ya kukopa, Mama? Siku ya Mungu tu, tukitoka kanisani. Nakuomba kwa jina la Bwana."

Nikamumiminia chai, nikatia sukari yake yeye mwenyewe, vijiko vitatu.

"Laptop haitatoka kwa mikono yake. Kunywa chai, uende kwako."